Alama Moja kwa Watu Watatu

Kahaso Mramba ni mwanamke fundi wa kompyuta pale Ukunda, lakini ukimwona huwezi kudhani. Maneno yake machache. Amelelewa Kinango, ambako mfereji ukikauka watoto hutumwa kulifuata bomba kwa miguu mpaka paonekane palipoziba. Tabia hiyo hakuiacha. Akiletewa shida, kwanza huifuata ilikotoka.

Jumatatu moja aliitwa Shimoni, kwenye ofisi ya chama kinachovusha wageni kwenda Wasini na kuwalisha. Chama kina sanduku moja la barua pepe, na ndani yake folda iitwayo Wageni. Folda hiyo husomwa na watu watatu: Suleiman, ambaye ni katibu, Cynthia, binti wa bara anayepanga safari, na Bi Mwanapili, mpishi mkuu.

Suleiman hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Wiki jana wamekuja walimu, gari zima, chakula hakuna. Barua yao imo humu, imesomwa, haikujibiwa. Bi Mwanapili ndiye anayezifunguafungua. Mtoe kwenye folda, tupumzike."

Bi Mwanapili alikuwa amesimama mlangoni na leso yake begani. Yote ameyasikia.

"Shikamoo, Bibi," Kahaso akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nitoe, kama ndiyo dawa. Ila nikitoka humo nitakuwa mpishi wa kuhadithiwa. Watu watashuka mashuani, nami sijui ni wangapi wala nani hali pweza."

"Simtoi mtu kabla sijaona. Bibi, wewe huwa unafanyaje?"

"Nikimaliza sala ya alfajiri nazifungua zote, moja moja. Mgeni amebisha hodi, utamwacha nje? Kujibu ni kwa Cynthia, ndiye mwenye kalenda ya mashua."

"Lakini mimi nazikuta zishasomwa!" Cynthia akaruka. "Si nilijua katibu amejibu?"

"Na mimi nilijua umejibu wewe," Suleiman akasema, sauti imeshuka.

Kahaso alituma barua ya majaribio kutoka simu yake. Kwenye kompyuta ya Cynthia ikatokea kwa wino mzito, kama barua mpya zinavyotokea. Akamwomba Bi Mwanapili aifungue kwa simu yake. Haikupita muda, wino wa kwa Cynthia ukawa mwepesi, na Cynthia mwenyewe hajaigusa.

"Mmeona? Seva yenu, ile mashine inayotunza barua, inaweka alama moja ya kusoma kwa folda nzima. Akisoma mmoja, inahesabu mmesoma wote. Hapa Bibi hana kosa. Ni mipangilio."

Akaingia kwenye seva, akapanga kila mtu awe na alama zake mwenyewe, akaiwasha upya. Cynthia akapiga ukelele.

"Wee madam, umenifanya nini? Barua zote za tangu mwaka jana zimekuwa mpya!"

"Kwako ni mpya. Seva haijui wewe ulisoma ipi, hukuwahi kuwa na alama zako. Usiogope wino, tazama kimshale cha kujibu. Hicho nimekiacha cha wote. Mmoja akijibu, kila mtu anakiona. Isiyo na mshale haijajibiwa."

Cynthia akaanza kuzipitia kutoka juu. Hakufika mbali.

"Mungu wangu! Hii haina mshale. Kina mama wa Msambweni. Wanakuja kesho."

Suleiman akajikuna ndevu. Bi Mwanapili akasogea, akaitazama ile barua juu ya bega la Cynthia.

"Hii niliisoma Ijumaa. Wawili hawali pweza, na mmoja ana sukari, asitiliwe tui jingi. Nilikuwa nangoja mniambie mmewakubalia, niagize vitu."

Suleiman alimtazama Kahaso, akaona si yeye wa kuambiwa, akamgeukia Bi Mwanapili.

"Usitoke kwenye folda, Bibi. Na uniwie radhi."

"Nimekuwia. Sasa nipishe nipite, samaki wa kesho hawanunuliwi kwa radhi."

Cynthia alikuwa ameshaanza kuandika jibu. Bi Mwanapili naye alikuwa nje, simu sikioni, akimwambia mchuuzi amwekee changu wazuri, na asimletee wa jana.