Mvua ya Chumba cha Nyasi

Mdogo wangu wa kike ana ofisi yenye kiti kinachozunguka na ramani ya dunia ukutani. Mimi nina koki nne. Tunafanya kazi bustani moja, tumetoka tumbo moja, na asubuhi tukifika langoni pamoja yeye ndiye anayesalimiwa kwanza. Simwandiki kwa sababu nampenda, ingawa nampenda. Namwandika kwa sababu maisha yake yangeweza kuwa yangu, na jambo hilo halijanitoka rohoni mpaka leo.

Baba yetu alikuwa fundi seremala. Uwezo wake ulikuwa wa kusomesha mtoto mmoja, basi alituita wote wawili mbele ya meza yake ya kazi, mimi nikiwa na miaka kumi na mmoja, yeye saba. Alimtazama yeye akasema, "Huyu ana kichwa." Akanitazama mimi akasema, "Huyu ana mikono." Kisha akaendelea kupiga randa. Siku ya kwanza ya shule nilimbeba mgongoni mimi mwenyewe, maana njia ilikuwa tope na viatu vyake vilikuwa vipya. Nikakaa chini ya dirisha nikiwasikia watoto wakiimba herufi. Mwalimu akatoka kuniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja mzigo wangu.

Herufi nilizijua ukubwani, kwenye vibao vya mimea. Nasoma polepole, lakini nasoma. Mume alikuja, akaenda. Huyo simpi nafasi hapa. Bustani walinichukua kama mfagiaji, baadaye wakanipeleka kwenye maji, nikafundishwa na mzee mmoja aliyeitwa Koki, jina alilopewa na kazi yake. Watu hupenda kusema wazee wana busara. Yule alikuwa na kikohozi na mdomo mchafu. Ila maji aliyajua.

Jumba letu la vioo lina vyumba vinne chini ya paa moja, na ukitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine umezunguka dunia kabla chai yako haijapoa. Udongo uliletwa kwa lori moja, jua ni lile lile. Kinachotofautiana ni joto na mvua tu, na hivyo viwili vinatosha. Kwenye chumba cha jangwa tunamwaga maji mara mbili kwa mwaka, kwa nguvu, halafu tunafunga, na alfajiri tunafungua madirisha ya juu baridi iingie. Dungusi zinavimba kama matumbo ya matajiri na kukaa na maji yake mwaka mzima. Chumba cha msitu kinanyeshewa kila siku baada ya adhuhuri, na mle kila jani linagombania mwanga na jani la jirani. Chumba cha baridi kina mashine ya kugandisha na feni kubwa. Maji yamo, lakini ni barafu, na mmea haunywi barafu, kwa hiyo kila kitu mle ni kifupi, kimelala chini kama mtu anayejificha na upepo.

Cha nne ndicho changu. Chumba cha nyasi.

Mbegu zinaingia kote. Zinakuja na ndege wanaopenya paani, zinakuja na viatu vya wageni. Mbegu hazichagui pa kuangukia. Hewa ya chumba ndiyo inayochagua nani abaki. Kwenye nyasi, mvua ikianza, miche ya miti inaota kwa mamia. Ukiitazama wakati huo utadhani nyasi zimekwisha. Ndipo mzee Koki alipokuwa akichukua kitambaa chekundu na kukifunga kwenye koki ya chumba kile, mafundo mawili. Tulikuita kufunga mwaka. Miezi mitano hakuna mtu aliyeruhusiwa kugusa koki ile, hata mkurugenzi. Nyasi zinakauka, zinakuwa rangi ya mkate, wageni wanapita wakikunja nyuso. Chini ya udongo mizizi iko hai. Miche ya miti ndiyo inayokufa, kwa sababu mizizi yake haijawahi kufika mbali. Mwisho wa kiangazi tunafyeka, tunachoma mabua kwenye pipa nje, tunarudisha majivu, tunafungua kitambaa. Wiki mbili baadaye ungelia kwa ule ukijani.

Koki alipostaafu, kitambaa alinipa mimi. Miaka kumi na mitatu nilifunga mwaka kwa mikono yangu. Sikuwa na watoto, sikuwa na cheti, lakini nilikuwa na kiangazi.

Kisha mdogo wangu akarudi na shahada ya magonjwa ya majani, wakampa jumba zima.

Siku ya kwanza aliniita ofisini kunionyesha ramani. Ilikuwa na mikanda ya rangi, kijani katikati, njano juu na chini yake, nyeupe huko mwisho. "Unaona, dada," akasema, "mahali pakiwa na joto na mvua siku zote, panakuwa msitu. Mvua ikija kwa msimu, panakuwa nyasi. Ikikataa kabisa, jangwa. Dunia nzima ni vyumba vyetu vinne." Alisema kama anayenipa zawadi. Nilikuwa nimeyajua hayo tangu yeye yuko darasani akitafuna penseli. Nikasema, "Ramani nzuri." Nikarudi kwenye maji yangu nikiwa na nyongo mdomoni.

Mwaka uleule akaweka kibao kwenye chumba cha nyasi. Nilisimama nikakisoma neno kwa neno. *Nyasi hufa juu ili ziishi chini.* Hayo ni maneno yangu. Nilimwambia mimi, jikoni kwangu, nikimmenyea viazi. Chini ya kibao kulikuwa na jina lake na shahada yake.

Mama Tiketi, anayekaa kwenye kibanda cha langoni, hakuacha lipite hivihivi. "Mwenzio kapanda, wewe umebaki na mpira wa maji," aliniambia. "Angalau akubebe na wewe mgongoni siku moja."

"Mgongo wake ni wa kuegemea kiti," nikasema.

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Miaka miwili iliyopita ndipo alipokuja na visanduku vya saa. Kila koki ikafungwa kisanduku kinachojifungua na kujifunga chenyewe. Tulipofika kwenye nyasi, nilikuwa nimeshakitoa kitambaa mfukoni. Ilikuwa siku ya kufunga mwaka.

"Hicho hatutakihitaji tena, dada," akasema. "Wageni wanalalamika. Miezi mitano wanaona nyasi kavu, wanadhani tumelala."

"Waache wadhani."

"Mkurugenzi hawaachi. Sikiliza, nimepiga hesabu. Maji ya mwaka ni yale yale, sijapunguza wala kuongeza tone. Nimeyagawa tu, siku zote sawasawa. Nyasi zitapata mvua ndogo kila asubuhi, na chumba kitakuwa kijani mwaka mzima."

Mtu aliyesoma anaweza kukosea kosa ambalo mfagiaji hawezi. Alihesabu mvua, akasahau kuhesabu ukame. Ule ukame ndio uliokuwa mlinzi wa chumba. Bila huo, hakuna wa kuizuia miti. Sentensi moja ingetosha. Ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

Nikakirudisha kitambaa mfukoni. "Wewe ndiye msomi," nikasema.

"Dada, usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Bosi kaongea."

Ndugu zangu, wivu haupigi kelele. Wangu ulikaa kimya miaka miwili, ukafanya kazi vizuri kuliko mimi. Kila asubuhi niliona kisanduku kikinyunyiza mvua yake ndogo ya adabu. Miche ikaota kama kawaida, lakini safari hii haikufa. Ikafika gotini. Ikafika kiunoni, ikanipita kichwa. Ikatandaza matawi, na nyasi chini yake zikakosa mwanga, zikageuka nyembamba na za manjano, zikaanza kuondoka. Mimi nilikuwa nikipita na kuhesabu moyoni: bado kidogo, bado kidogo, na aibu itamfika. Nilipanga hadi uso nitakaouvaa siku hiyo.

Mwezi mmoja kabla ya ziara ya baraza la bustani, alinifuata chumba cha msitu. Alikuwa amebadilika rangi.

"Dada, nyasi zinakwenda wapi?"

"Viulize vitabu."

"Nimeviuliza."

"Havijajibu?"

Alisimama pale, jasho likimtoka, akaanza kuniuliza tena. Nikaongeza maji kwenye mpira mpaka sauti yake isisikike. Akaondoka.

Baraza lilikuja watu watano. Mkurugenzi mbele, mdogo wangu kando yake, mimi nyuma na mpira begani kama nilivyoambiwa, ili nionekane nafanya kazi. Tulipoingia chumba cha nyasi nilijiweka karibu na mlango nione vizuri.

Bibi mmoja mwenye miwani ya kamba akasimama. Akainua uso kwenye matawi. "Pamependeza," akasema. "Zamani hapa palikuwa kama uwanja uliosahauliwa."

"Kivuli hiki," mwenzake akaitikia. "Mtu anapumua."

Mkurugenzi akatabasamu utadhani aliipanda yeye. "Ni mpango mpya wa maji wa mtaalamu wetu."

"Basi kifanyeni msitu wa pili," yule bibi akasema. "Ng'oeni hayo mabaki ya nyasi. Nani anakuja kutazama nyasi?"

Wakaitikia kwa vichwa, wote. Mmoja akatoa kalamu.

Nikatazama yale mabaki. Yalikuwa ukanda mwembamba pembeni mwa mlango, haupiti upana wa mkeka wa kulalia. Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilikuwa nimekaa kusubiri nyumba ya mwenzangu iungue, na iliyokuwa ikiungua ni yangu. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mtu aliyenyamaza miaka miwili hajui aanzie wapi.

Aliyesema ni mdogo wangu.

"Hapana," akasema. "Mnachokiona si mafanikio. Ni kosa, na ni langu. Nilikipa chumba hiki mvua bila kiangazi, kwa hiyo miti imekula nyasi. Duniani ndivyo ilivyo. Nchi za nyasi zimewekwa na ukame kama zilivyowekwa na mvua; ukiondoa kimojawapo, unapata nchi nyingine. Tukikiacha hivi tutakuwa na misitu miwili, na watoto wa shule hawataona kamwe jinsi sehemu kubwa ya dunia inavyoishi."

Mkurugenzi alikohoa. Mdogo wangu hakumtazama.

"Maneno ya kwenye kile kibao si yangu pia. Ni ya dada yangu, yule pale mwenye mpira. Yeye ndiye aliyekiendesha chumba hiki miaka kumi na mitatu. Nilipaswa kumuuliza kabla ya kufunga kisanduku. Sikumuuliza. Ningemuuliza, angeniambia."

Angeniambia. Alisema hivyo mbele ya watu watano, akijua alikuja akaniuliza na mimi nikamzimia sauti kwa mpira. Alilichukua kosa lote, na langu akalipandisha juu ya lake, akalibeba.

Yule bibi mwenye miwani alianza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Walimpigia makofi kwa kukosea. Mimi nimepatia miaka kumi na mitatu na hakuna aliyewahi kunigusa hata bega. Mtu anaweza kumhusudu mwenzake kichwa, shahada, kiti. Sikujua naweza kumhusudu hata namna anavyokiri kosa.

Baraza likakubali. Chumba kirudi nyasi, visanduku vitoke, nisimamie mimi, na kibao kiandikwe upya. Nilirudishiwa changu kutoka mkononi mwake, mbele za watu, kama sadaka.

Wageni walipoondoka tulibaki wawili kwenye kile kivuli.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ileile. Kitambaa kikiwa mkononi."

"Na ukaninyamazia."

"Nikakunyamazia."

"Kwa nini, dada?"

"Kiti chako kinazunguka," nikasema.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaketi juu ya ukingo wa sementi, akavua viatu vyake vya ofisini akavishika mapajani. Hakusema ananisamehe. Nami sikumwomba, maana nilijua angekubali, na hilo nisingelivumilia.

Kuing'oa ile miti ni kazi ya misimu mitatu, kwa sababu ukikata shina linachipua. Sikuomba msaada. Jumatatu nilipofika nilimkuta ameshaingia, amevaa mabuti ya mpira ya kuazima yanayompwaya, amefunga kanga kiunoni, anavuta mche kwa kushika kileleni. Ukakatika shingoni, mzizi ukabaki. Akashika wa pili. Ukakatika. Mama Tiketi alichungulia mlangoni, akaniangalia, akaenda zake akitikisa kichwa.

Nilimwacha avute safu nzima. Viganja vyake vilikuwa vimeshaanza kutoa malengelenge, na hakugeuka hata mara moja kuniuliza. Alikuwa amejifunza kutoniuliza.

"Usivute umesimama," nikamwambia mwishowe. "Piga magoti. Chimba na kidole pembeni mpaka ukute shingo ya mzizi, ndipo uvute."

Akapiga magoti kwenye tope, kanga yake nzuri ikiwa kiunoni vilevile. Nilimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha nami nikapiga magoti, upande wangu wa safu, nikaanza.