Kudipu ni Mwili Mzima

Kuna siku moja bado inanirudia, mwanangu, hata nikiwa napepeta mahindi tu hapa nje. Ni kabla ya ile vita ya pili ya wazungu. Nilikuwa nimeolewa juzi juzi, tumetoka Sirisia kuja kukaa kwa shamba la mzungu karibu na Kitale, mimi, mume wangu na baba yake. Mgongoni nilibeba Nekesa, mtoto wa dada yangu aliyefariki akimzaa. Mimi sikuwa nimezaa bado, kwa hivyo mtoto aliishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu Madoa. Hatukuwa na mwingine. Madoa akianguka, Nekesa naye ameenda. Hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo.

Mwaka huo kupe waliua ng'ombe vibaya. Mzungu akachimba mfereji wa saruji, akaujaza maji ya dawa, akatangaza: dip! Sisi tukalibeba hilo neno la Kiingereza, tukalitia mkia wetu: umedipu? Bado sijadipu. Mjomba wako mwalimu aliniambia baadaye kwamba huko kwa wazungu dip ni ndugu wa deep, neno lao la kina cha maji. Mzungu anadipu mkate kwa chai, anadipu kalamu kwa wino, lakini kwa ng'ombe alitaka azame mpaka pembe.

Sasa, kwetu mzee akikubariki anakupaka kifuani yale majani ya tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa. Kidogo tu, na baraka inaenea mwili mzima. Baba mkwe, mtu mpole sana, aliogopa Madoa ataumia akiruka kwenye ule mfereji, maana alikuwa na mimba. Akaomba dawa kwa mkebe, akampaka kifuani na mgongoni.

"Imetosha," akasema. "Dawa ni dawa."

Nilipoenda kukamua, weh! Masikio ya Madoa yamejaa kupe, wamenona. Na ng'ombe wa jirani alikuwa amekufa juzi, shingo imevimba. Nikainuka ghafla, maziwa yakamwagika. Lakini ningesemaje? Mume wangu alikuwa ametumwa safari na mkokoteni wa mahindi, na mke wa mwana hamfundishi baba mkwe kazi. Hata macho hukuwa unamwinulia.

Nikakaa na Nekesa karibu na mlango, mzee akiwa pale nje anasikia. Nikamwambia mtoto, kwa sauti, "Nekesa mama, ati kupe wako kwa masikio ya Madoa. Hiyo dawa haikufika huko. Si utakunywa nini Madoa akikufa?"

Nikadhani nimejiharibia ndoa.

Halafu mzee akakohoa. "Nekesa, mwambie mama yako asingojee ng'ombe afe ndipo apate sauti. Na aniletee kamba."

Akampeleka Madoa mwenyewe mpaka kwa mfereji. Mimi nikafuata kwa mbali, mtoto mgongoni. Madoa alikataa, akasukumwa, akaruka. Maji yakamfunika mpaka pembe. Mwanangu, nilishika mdomo! Mzee naye alikuwa amevua kofia kama mtu aliye msibani. Kisha kichwa kikatokea, anapiga chafya, anaogelea, akapanda ngazi ya upande ule mwingine. Baba mkwe akacheka na machozi yanamtoka.

Jioni niliosha kiwele mara nyingi na bado nikaogopa sumu ya ile dawa. Nikakamua, nikaonja mimi kwanza. Nikangoja, nikijisikiliza tumbo, Nekesa akilia njaa mpaka sauti ikakauka. Tumbo halikuniuma. Ndipo nikampa. Alikunywa akalala kikombe kikiwa bado mdomoni, na mimi nikalia.

Wewe kesho unaenda kazini Bungoma. Ukichukua jambo la watu, uliza linataka nini, ulifanye lote. Usilipake kifuani ukasema imetosha. Na ukiona hatari, sema. Ukikosa njia ya kumwambia mkubwa, tafuta mtoto umwambie, lakini huyo mkubwa asikie. Ukiwa mkubwa nawe, akikwambia mdogo, omba kamba uinuke. Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe nyumba yenye maziwa, na watu wasiokuogopa.