Jani la Isale kwa Baba Mdogo

Mama alimfuata baba kaburini kabla mwaka haujaisha, nikiwa darasa la sita. Siku ya kuanua matanga, baba mdogo alisimama uani akatugawa: mdogo wangu wa kwanza aende kwa shangazi kule Pasua, wa pili kwa jamaa wa Sanya Juu, na kitindamimba apelekwe mji wa Mkuu kwa watu wa mama. Mimi nibaki na ng'ombe. Nikamwambia mbele ya waombolezaji, "Unatutawanya ili ule kihamba chetu."

Kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba, kahawa na makaburi yetu. Kumwambia hivyo ndugu wa baba ni karibu sawa na kumwita mchawi. Aliondoka bila kuaga, akatuma neno kwamba watoto watachukuliwa shule zikifungwa Desemba.

Sikurudi shuleni. Asubuhi nilikata majani ya ng'ombe, mchana nikauza ndizi sokoni, na wadogo zangu walikwenda shule wamekula. Nilitaka Desemba ikifika asiwepo wa kusema tumeshindwa. Lakini moyo ulijaa nyongo. Kila Jumamosi jumuiya yetu ya Kikristo ilisali nyumba kwa nyumba, na baba mdogo alikuwamo. Nilikaa nikimtazama magoti, si uso. Kwenye Sala ya Bwana, tukifika pale pa kusamehe, nilifunga mdomo, kisha nikajiunga na wenzangu mbele kidogo.

Siku moja mama mwenyekiti wa jumuiya alinishika mkono tukitoka.

"Wewe mtoto, mbona Baba Yetu yako ina shimo katikati?"

"Yeye ndiye aliyeanza, mama."

"Sikuuliza nani alianza. Kata isale umpelekee."

Isale ni ule mmea tunaoupanda mipakani. Anayekuletea jani lake lililofungwa fundo anaomba msamaha, na kwetu halikataliwi. Leo namshukuru yule mama, ingawa siku hiyo nilimwona mchokozi tu. Kwa nini nianze mimi, niliyefiwa?

Majuma yakapita. Kisha tukakutana na baba mdogo njiani, na kitindamimba, wa miaka sita, badala ya kumwamkia akatema mate chini. Hakuna aliyemfundisha ila mimi. Kesho yake nilikata jani.

"Shikamoo, baba mdogo." Nilipiga magoti mlangoni, nikalinyoosha kwa mikono miwili.

Alilipokea, akaligeuzageuza. "Nani amekutuma?"

"Mama mwenyekiti."

"Yule mama! Mimi aliniambia nikuletee wewe, tangu mwezi uliopita. Nikaona aibu, mtu mzima kumpelekea mtoto isale."

"Nilikutukana mbele za watu."

"Ulinitukana kweli. Na mimi niliwagawa kama mkungu wa ndizi. Kahawa haina bei, baba yenu hayupo. Niliogopa mtakufa njaa."

"Hatujafa."

"Naona."

"Basi wadogo zangu wabaki?"

"Wabaki, mwanangu. Lakini migomba yenu imesongana, nimeiona nikipita."

Alichukua panga, tukapanda pamoja hadi nyumbani. Wadogo zangu walipomwona na panga lile, wote watatu waliingia chini ya kitanda.

"Tokeni! Nimekuja kupunguza migomba."

Kitindamimba alichungulia. "Halafu unatuchukua?"

"Halafu nakula hapa, kama dada yenu amepika."

Nilikuwa sijapika. Nilikwenda kuwasha moto nikimshukuru Mungu kwa sauti, wala sikujali nani ananisikia.