Behewa la Alama ya Vema

Harufu ya grisi kuukuu na mbao zilizonyeshewa ndiyo iliyonilea. Nyuma ya stesheni ya Kitale, kwenye reli ya pembeni iliyomezwa na mahindi, lilisimama behewa la abiria la daraja la tatu. Liliundwa ng'ambo enzi za ukoloni: kiunzi cha chuma, mwili wa mbao, madirisha ya kupandishwa kwa mkanda wa ngozi wenye matundu. Viti vyake vilikuwa mbao tupu, maana waliolichora hawakuona haja ya Mwafrika kukalia kitu laini. Vitanda na beseni la kunawia vilikuwa kwenye mabehewa ya daraja la kwanza, ya wazungu. Baada ya uhuru lilibeba watu na kuku wao mpaka treni ya abiria ikakoma, likaachwa hapo. Mama yangu alipofariki nami nikaachwa, kwa shangazi.

Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa kule Bungoma. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu kwa nyundo na kusikiliza. Behewa zima alilichora kwa chaki alama ya vema, kama ile ya walimu, liende; bovu alilichora mkasi, mistari miwili iliyokatana, lisiguswe. Behewa letu lilikuwa na mkasi wake. Kila alipotutembelea nilimwuliza atanichukua lini. "Mwezi ujao, mama," alinijibu, akiniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mamake. Shangazi naye: "Subira huvuta heri." Heri gani, jamani! Miezi ilipita nikicheza peke yangu.

Alasiri moja nikaufuta ule mkasi kwa sketi yangu ya shule, nikachora vema kwa chaki niliyoiba darasani. Nikatia nguo zangu katika mfuko, nikaketi dirishani kungojea injini. Niliamini kabisa kwamba behewa lenye vema lazima liende. Niliketi hadi jua likazama upande wa Endebess, ndipo shangazi akanikuta.

"Wewe Nekesa! Ati unaenda wapi na huo mfuko?"

"Bungoma, kwa baba."

Hakunichapa. Alilia, na hilo likaniuma zaidi.

Baba alipokuja Jumamosi hakucheka. Alinipa nyundo nigonge mwenyewe. Gurudumu zima hulia kama kengele ya kanisa. Lile lilitoa mlio mfu. "Umesikia? Lina ufa, haliendi popote." Akafuta vema yangu, akarudisha mkasi. "Mwezi ujao, mama. Si nimekuambia?" Hakunichukua kamwe. Nilijipeleka Bungoma mwenyewe, mtu mzima mwenye kazi ya ofisi, yeye akiwa ameshastaafu na kuhamia Kiminini.

Siku hizi behewa halipo, liliuzwa kama vyuma chakavu. Baba anaishi peke yake, na kila Jumapili hunipigia simu kuuliza nitamchukua lini akae nami. "Mwezi ujao, baba," namjibu. Ahadi ni deni, najua. Lakini nyumba yangu ni ndogo na, nikisema kweli, kinyongo hakijaniisha.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Mlangoni palikuwa na alama kubwa ya vema, ya chaki. Ndani, baba alikuwa ameketi dirishani, amevaa koti na viatu, mfuko miguuni. Akajigonga goti kwa kidole, akanitazama.

"Nimejikagua, mama. Sina ufa."

Nami nilikuwa nimekuja kumwambia ni mwezi ujao.