Shingo Bungoma, Mwili Kitale

Bango lililofungwa juu ya mlango wa ukumbi wa kanisa, pale Kitale, liliandikwa SIKU YA WAPIGA OBO NA BASUNI. Chini ya maneno hayo mtu alikuwa amechapisha picha ya saksafoni. Nilimwonyesha dadangu mdogo.

"Usianze," akasema. Nilikuwa bado sijaanza.

Tulikuwa tumetoka Bungoma alfajiri, yeye akiwa amepakata sanduku la basuni kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Basuni ni bomba refu la mbao, zito, lenye sauti ya chini inayotoka kama mzee anayeongea usingizini, na upande wetu huu wote ilikuwepo moja tu. Wafadhili waliliachia kanisa bila kusema tawi gani, la Bungoma au la Kitale. Dadangu alikuwa amejifunza kwayo miaka miwili pale nyumbani Bumula, mpaka majirani wakachoka kutuuliza kama ng'ombe ameugua. Sasa kijana mmoja wa Kitale naye alikuwa ameanza kuipiga kila ilipoazimwa huko, na wazee wa kwao wakataka ihamie kwao. Siku hii ilipangwa ili mwalimu kutoka Nairobi awafundishe, awasikilize wote wawili, kisha aseme nani abaki nayo. Dadangu akiikosa, basi ameacha muziki. Huwezi kwenda soko la Bungoma ukachagua basuni nyingine kwenye rundo la mitumba.

Njiani nilikuwa nimemuuliza ni nani hasa aliyeamua kwamba watu wa mahindi na miwa wanahitaji basuni.

"Na wewe nani aliamua unahitaji falsafa?" akanijibu. "Miaka minne, na hata kuku hujamfundisha kitu."

Mafunzo yalipaswa kuanza asubuhi. Asubuhi tuliomba. Tulipomaliza kuomba tulijulishana, kila mwanakamati akasimama pamoja na mke wake, na wake nao wakasalimia kwa niaba ya akina mama. Tukaomba tena, kwa sababu mchungaji wa pili alikuwa amefika. Wapiga obo, ile zumari nyembamba ya mbao, walikuwa wasichana watatu wa sekondari, nao walikaa mstari wa mbele na ala zao magotini. Mwalimu wa Nairobi, mama mwenye nywele fupi na uvumilivu ambao sikuuelewa, aliwekwa meza kuu nyuma ya chupa za maji na maua ya plastiki, ambako hangeweza kumfundisha mtu yeyote chochote.

Ala hizi hupigwa kwa ridi, vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Ridi ikikauka, hakuna sauti. Ndiyo maana dadangu alikuwa ameiweka yake mdomoni. Mama mmoja mwenye beji ya mapokezi akamsogelea katikati ya maombi.

"Msichana, toa hicho kijiti mdomoni. Hapa tunaongea na Mungu."

"Mama, lazima ikae na maji."

"Mungu ndiye maji. Toa."

Akaitoa. Kijana wa Kitale naye, alipoona hivyo, akaitoa yake haraka na kuificha mfukoni.

Mgeni wa heshima alifika kutoka eneo la Kwanza wakati jua limeshapanda juu ya bati na ukumbi umeanza kunuka pilau. Alizungumza juu ya mbolea. Alizungumza juu ya bei ya mahindi na watu wabaya walio Nairobi. Mwishoni akakumbuka kilichomleta. "Hata mimi nilikuwa na talanta ya filimbi," akasema, "lakini nikachagua kuwatumikia." Watu wakapiga makofi. Mimi nilifikiria filimbi ilivyonusurika.

Mafunzo yenyewe yalichukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Halafu mwenyekiti wa kamati akatangaza kwamba tumechelewa, wapiga basuni waje mbio mbio. Kijana wa Kitale alitangulia. Ridi yake ilikuwa kavu kama ganda la hindi, na alichotoa kilikuwa upepo tu. Akamkabidhi dadangu ala. Dadangu akavuta pumzi, na noti yake ya kwanza haikutoka kabisa. Ya pili ililia kama mlango wa choo cha shule. Akailamba ridi, akajaribu tena, na sauti ilipoanza kujaa, mwenyekiti akagonga maikrofoni.

"Asante, asante. Tumesikia."

Mwalimu akainuka. "Mwenyekiti, naomba warudie. Ridi zilikuwa zimekauka."

"Mwalimu, tutakuita kwa neno la shukrani."

Kamati ikaingia chumba cha nyuma na kutoka na nyuso za watu waliookoa taifa. Mwenyekiti alisema ala hii ni ya Wakristo wote na haiwezi kuleta mgawanyiko. Kwa hivyo Kitale watakaa na mwili wake. Bungoma watakaa na shingo, yaani lile bomba jembamba la chuma lililopinda ambalo ridi huchomekwa.

"Lakini bila shingo haiwezi kulia," mwalimu akasema.

"Ndiyo maana," akajibu mwenyekiti. "Hakuna mtu atajifanya ni yake."

Makofi. Kisha vyeti. Nami nilipewa changu, kinachothibitisha kwamba mimi ni mpiga obo.

Watu walipokimbilia pilau, dadangu alitoka nje akiwa na ile shingo mkononi. Kijana wa Kitale akaja na sanduku.

"Niaje," akasema. "Sasa hii mimi nifanye nayo nini? Niifanye kabati?"

"Fungua," dadangu akamwambia.

Dadangu akaiunga pale kwenye benchi, akalowesha ridi taratibu bila kuharakishwa na mtu, akapiga kipande chote alichokuwa ametayarisha. Mwalimu alitoka na sahani yake, akaacha kula. Mwenyekiti naye akatoka, paja la kuku mkononi.

"Nani amewaruhusu? Kamati itabidi ikae tena!"

Dadangu hakukatiza. Alipofika mwisho ndipo akamjibu, kwa adabu, "Kaeni tu, baba." Akaipangusa ala, akaitenganisha, na kuilaza yote ndani ya sanduku, pamoja na shingo. Akamsukumia kijana.

"Wiki hii kaa nayo. Jumamosi uniletee Bungoma. Ukikosa, nakuja kwenu, na utajua mimi ni nani."

"Sawa bana. Mbona unatisha watu?"

Njiani nilimwambia amepoteza akili, kwamba kijana hataonekana tena. Jumamosi kijana alikuja, na amekuja Jumamosi nyingi zilizofuata, kuileta au kuichukua. Jumamosi moja hakuja, dadangu akapanda gari kesho yake asubuhi, akarudi jioni na sanduku pajani na hasira usoni. Kamati haijauliza shingo iko wapi. Kijana mimi bado simwamini, na nimemwambia hivyo mezani kwetu, akiwa anakula ugali wetu.