Kabichi za Kabla na Kabichi za Baada

Juzi nilikaa nyuma ya ukumbi mmoja wa Ndosho, kwenye mafunzo ya vikundi vya wakulima. Mwalimu, kijana wa shati lililonyooka kwa pasi, alimulika ukutani picha mbili. Katika ile ya kwanza kabichi zilibaki vijiti vitupu.

"Hii ni mbele ya formasio," akasema, yaani kabla ya mafunzo.

Katika ile ya pili kabichi zilinona hadi udongo hauonekani.

"Na hii ni kisha formasio."

Tukapiga makofi. Mama mmoja wa Kibumba, kiongozi wa kikundi chake, hakupiga. Alikaza kitenge, akaenda hadi ukutani, akaweka kidole juu ya picha.

"Papa, hii ni shamba yangu."

"Aksanti, mama. Ni mufano muzuri."

"Na ile ingine pia ni yangu. Mulikuja kupiga picha zote mbili siku moja. Huku kwa vijiti ni pembeni ya njia, mbuzi ya jirani ilipita."

"Mama, maulizo ni kisha chakula."

Akarudi kukaa. Jioni alipokea sertifika yake kama sisi wote, akaisoma polepole, lakini hakuondoka mbele ya meza ya mwalimu.

"Hakuna ingine?"

"Ya nani tena, mama?"

"Ya ile mbuzi. Picha ya kwanza ni kazi yake."

Mimi sipingi mafunzo. Sertifika zangu mwenyewe zimejaza ukuta wa sebule. Lakini siku hizi nikionyeshwa kabla na baada, nauliza kwanza mbuzi alipita wapi.