Dishi Moja, Sebule Mbili

Mwenye nyumba wangu wa Mikindani alinipa ruhusa ya kufunga dishi juu ya paa lake kwa sharti moja: waya mmoja ushuke mpaka sebuleni kwake. Nilikubali haraka kuliko anavyokubali mtu mwenye nia safi.

Yeye ni mjane, mzaliwa wa Jomvu Kuu, na anakaa chini. Mimi, Mkristo wa kutoka Kaloleni, nimepanga juu. Dishi nililolitaka lilikuwa la mota, lile linalojigeuza lenyewe kutoka setilaiti moja hadi nyingine ukibonyeza rimoti. Fundi alimaliza asubuhi nzima kwenye nguzo tu, akiweka pima maji upande huu na upande ule. Nguzo ikiinama unene wa ukucha, alisema, utapata setilaiti moja na kuzikosa nyingine zote. Huku kwetu karibu na ikweta setilaiti za katikati ziko juu ya utosi, kwa hiyo dishi likizitafuta hulala chali kama sinia. Kabla fundi hajakusanya vifaa vyake, kunguru wawili walikuwa wamekwisha kulikagua.

Mwisho alinionyesha kidude cha chuma chenye matundu mawili.

"Risiva ya tundu hili ndiyo itakayoiamuru mota. Ya tundu la pili itaonyesha tu kule dishi lilikoelekea. Ipi iwe kubwa, yako au ya chini?"

"Yangu," nilisema, nikautupia jicho mlango wa ngazi.

Hilo sikumwambia mwenye nyumba. Yeye alijua tumegawana dishi. Hakujua kwamba dishi haliwezi kutazama pande mbili, na kwamba mimi nikiligeuza, kwake kunazima.

Alikuwa na idhaa moja tu aliyoipenda, ile inayoonyesha Makka moja kwa moja mchana kutwa. Mimi nilikuwa na mpira, uliokuwa kwenye setilaiti ya mbali upande wa magharibi. Kila nilipogeuza, aliniita kutoka chini ya ngazi.

"Mwanangu! Yangu imekufa!"

"Mawingu, mama."

"Mawingu gani? Nimeanika maembe ya achari hapa nje, jua lanichoma utosi!"

"Ni ya juu zaidi, mama. Hayaonekani kwa macho."

Kisha nilikuwa nikisikia kandambili zake zikirudi ndani. Naandika haya bila kujisifu, ingawa wakati ule nilijisifu.

Kisha mdogo wake akaenda Makka kwa Umra. Kabla ya kuondoka walipatana jambo: Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, ataizunguka Kaaba akiwa na mwavuli wa kijani, na wa nyumbani wamtafute kwenye televisheni. Mwenye nyumba alilizungumza jambo hilo wiki nzima. Jumamosi yenyewe alitandika mkeka, akapika kaimati, akaita majirani wanne. Mimi nami nilikuwa na mechi ya kuanza saa kumi na moja. Nikapiga hesabu: alasiri huswaliwa kabla ya saa kumi, saa nzima yatosha mtu kuonekana. Saa kumi na moja kamili nikabonyeza.

Kelele ilipanda ngazi kabla dishi halijafika.

"Kijani! Kijani kile! Pale kwenye... Yallah! Imekatika!"

"Wewe umekalia waya!"

"Mimi? Waya uko kule, mimi niko huku!"

"Mwanangu!" Hiyo ilikuwa sauti ya mwenye nyumba, na haikuwa sauti yake ya siku zote. "Mwanangu, fanya hima!"

"Mawingu, mama!" nilijibu. Nikajipa dakika tano. Timu yangu ilifunga bao katika dakika ya tatu, nami nikashangilia kwa mdomo uliofumbwa. Chini kulikuwa kimya. Kimya kile kilinishinda. Nikabonyeza tena, na mota ikaanza kurudi polepole, ikikoroma, huku nikiisukuma kwa macho kana kwamba ingenisikia.

Nilipofika sebuleni picha ilikuwa imerudi: maelfu ya watu, hakuna kijani. Papo hapo simu ikalia. Mwenye nyumba akaweka sauti ya nje.

"Mmeniona?" aliuliza mdogo wake, akihema.

Wanawake watano wakatazamana.

"Tumekuona!" alisema mwenye nyumba.

"Alhamdulillahi! Niliwapungia mara ngapi?"

Jirani mmoja akameza kaimati nzima. "Mara nyingi!" alisema. "Hata mkono tukauhurumia."

"Maashallah, na ulivyonawiri!" aliongeza mwingine, kuhusu mtu ambaye, hata angeonekana, angekuwa mdogo kama punje ya ufuta.

Simu ilipokatika, mwenye nyumba alinitazama. Aliitazama jezi niliyoivaa.

"Wamefunga ngapi?"

"Moja, mama."

"Kwa hiyo kwako mawingu hayakufika."

Niliifunika nembo ya jezi kwa kiganja.

"Leo umenifanya nimdanganye mtu aliyesimama mbele ya Kaaba. Ndugu yangu, tumbo moja. Haya, tangulia. Nionyeshe hilo dude lako."

Alipanda ngazi akishika magoti, akiniombea dua ambazo sikuwa na hakika zilikuwa za upande gani. Nilimweleza matundu mawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: tundu kubwa ni lipi? Nikabadilisha waya mbele yake. Kisha akampigia mdogo wake, akamwambia arudi kesho wakati uleule, kwani mara moja haitoshi kwa macho ya dada.

Kesho yake nilikaa mkekani na majirani wanne. Rimoti ilikuwa mapajani mwa mwenye nyumba. Baada ya alasiri mwavuli wa kijani ulitokea, kisha wa pili, kisha wa tatu, na ubishi ukaanza, kila mtu na wake. Mwenye nyumba aliinuka akasogelea kioo mpaka kikamwangaza uso. Miavuli miwili ilikuwa ikizunguka taratibu na umati. Wa tatu ulikuwa umekwama katikati, ukisukumana na watu, ukitaka kurudi ulikotoka.

"Huyu," alisema, akiugusa kwa kidole. "Huyu anayebishana na dunia nzima. Ndiye mdogo wangu." Naye akaanza kumpungia.